Nyumba Isiyokutumikisha: Mambo ya Kuamua Kabla ya Kujenga Pwani ya Mtwara na Lindi

Mwaka wa kwanza tulipohamia nyumba yetu ya Mangamba nilikuwa napiga deki mara tatu kwa siku. Asubuhi kabla ya chai, mchana watoto wakitoka shule, na jioni kwa sababu jioni ndiyo wageni huja. Ulikuwa mwezi wa saba, upepo wa kusi umekaza, na sebule yangu ilikuwa na marumaru nyeupe zinazong'aa kama sahani za harusi. Kila aliyeingia aliandika njia yake: kisigino, vidole, kisigino, vidole, wekundu juu ya weupe hadi mlango wa jikoni. Mama akaja kututazama kutoka Newala. Siku ya nne, akiwa ameketi barazani anamenya ming'oko, akaniita. "Mwanangu, nyumba nzuri. Ila inakutuma sana."

Marumaru zile nilizichagua mwenyewe, hakuna wa kumlaumu. Nilizichagua kwa sababu kila mtu aliniambia ni rahisi kusafisha, na hawakuniongopea: unapitisha tambara mara moja, zimetakata. Ila nusu saa baadaye unarudia.

Hapo ndipo penye fundo ambalo watu wengi wanaojenga huku kwetu hawalifungui mapema. Tukisema tunataka nyumba rahisi kutunza, tunakuwa tumetaja mambo matatu kwa jina moja. Kuna nyumba inayosafishika, yaani uchafu ukishaingia unatoka upesi. Kuna nyumba isiyochafuka haraka, ambayo uchafu wenyewe unaishia nje. Na kuna nyumba isiyochakaa, isiyokurudisha kwa fundi kila mwaka. Unaweza kupata moja ukakosa nyingine mbili, na mara nyingi zinagombana. Rangi ya mafuta inafutika kwa kitambaa na sabuni, lakini ukiipaka kwenye ukuta wenye unyevu itavimba na kubanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Chokaa haifutiki, tena ukiiegemea inakuachia weupe mgongoni, lakini juu ya ukuta ule ule itakaa, na ikichakaa unapaka nyingine Jumamosi moja. Asiyejua anachokitaka kati ya hayo, fundi atamchagulia. Na fundi akishalipwa, deki hapigi yeye.

Tena niseme wazi: kwenye nyumba nyingi, anayekaa na fundi juu ya ramani ni baba, na anayeshika fagio ni mama, binti wa kazi au watoto. Ramani ingechorwa na mwenye fagio, nusu ya makala haya isingehitajika.

Vumbi nusu mwaka, tope nusu mwaka

Ramani zinazouzwa mitandaoni zimechorwa kana kwamba Makete ya milimani na Msimbati ya pwani yetu ni mahali pamoja. Huku kusini mwa pwani tuna kalenda yetu. Kuanzia mwezi wa tano au wa sita hadi wa kumi ni kiangazi. Upepo wa kusi unavuma kutoka kusini na kusini-mashariki, barabara za mitaani ni mchanga mtupu, na kila bodaboda ikipita inakuletea sehemu yake ya barabara mpaka juu ya runinga. Halafu upepo unageuka kuwa kaskazi, mvua zinaanza kati ya mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili, na kifuku kinakwenda mpaka mwezi wa nne. Mchanga ule ule sasa ni tope. Juu ya yote hayo kuna chumvi ya bahari, ambayo haina likizo.

Mchanga unaingia kwa njia kuu mbili, miguu na upepo. Watu wanahangaika sana na upepo, kumbe chembe nzito, zile zinazokwaruza sakafu na kusikika chini ya ndala, nyingi zinaletwa na miguu. Dawa yake ni umbali na ukwaruzaji. Mtu anayetembea hatua tano au sita juu ya kitu kigumu kabla ya kufika mlangoni, iwe ni pavingi, kokoto au zege lililochanwa kwa ufagio likiwa bichi, anaacha njiani sehemu kubwa ya alichobeba. Mtu anayetoka mchangani akakanyaga kizingiti moja kwa moja anakuja na uwanja wote.

Nyumba ya Kiswahili ililijua jambo hili zamani. Mbele kuna baraza, mgeni anakaa pale, anavua viatu pale, mazungumzo mengi yanaishia pale pale. Ndani kuna ukumbi mwembamba wenye vyumba pande zote mbili, na nyuma kuna uani kwenye maji, moto na choo. Uchafu wa mtaani unabaki mbele, uchafu wa kazi unabaki nyuma, na katikati watu wanalala. Sisi tumekuja na ramani za kisasa, tumefuta baraza ili sebule iwe kubwa, na mlango wa mbele sasa unafunguka kwenye zulia. Kama nafasi ni ndogo, heri upunguze sebule kwa mita moja upate kibaraza chenye paa, benchi la saruji la kukalia mtu akivua viatu, na koki ya maji pembeni. Hiyo koki ni kitu kidogo sana ambacho kimeniokoa. Mtoto akitoka mpirani hana kisingizio.

Kuna jambo la uwanja ambalo nalisema nikijua wazee hawatalipenda. Kufagia uwanja kila asubuhi kwa ufagio wa chelewa kunaufanya ushuke. Tazama nyumba za zamani popote pale Mtwara vijijini: msingi umebaki juu, wakati siku ya kujengwa ulikuwa umefunikwa. Udongo haukuyeyuka, ulifagiliwa kidogo kidogo kwa miaka, na mvua ikamalizia. Na vumbi linaloinuliwa na ufagio saa kumi na mbili asubuhi linatua saa moja kwenye vyombo. Wazee walikuwa na sababu yao nzuri: kwenye uwanja mweupe nyoka anaonekana. Kwa hiyo mimi nimegawa. Mita mbili za kwanza kuzunguka nyumba ni kokoto juu ya nailoni ngumu, hapo nyoka anaonekana na majani hayaoti. Baada ya hapo ni ukoka uliokatwa mfupi, na sehemu ndogo tu imebaki kwa ufagio, karibu na mwembe, kwa sababu mama akija lazima afagie mahali.

Ukuta unaokunywa maji

Paa la nyumba ya kawaida, tuseme mita za mraba 120 pamoja na ukingo, likinyeshewa milimita 30 jioni moja linakusanya lita 3,600. Kama paa ni la migongo miwili, kila upande unamwaga lita 1,800 kwenye mstari mmoja wa ardhi. Kama ardhi ile ni udongo mtupu, matone yanaupiga, na tope linaruka mpaka usawa wa goti. Ndiyo asili ya ule mkanda wa rangi nyeusi au kahawia chini ya kuta za nyumba zetu. Watu wanadhani ni pambo. Ni werevu wa mpaka rangi aliyechoka kupaka weupe juu ya tope kila mwaka.

Mkanda ule ni mzuri, lakini unaficha tu. Kinachozuia ni ukingo wa paa uliotoka nje ya ukuta kwa sentimita 75 hadi 90, kokoto mahali matone yanapoangukia, na gata inayopeleka maji kwenye tanki. Fundi wengi wanakata ukingo kwenye sentimita 40 ili kuokoa bati. Akiba ya bati mbili tatu unailipa kwa rangi maisha yako yote.

Hapa kuna mgongano ambao wa Lindi wanaujua vizuri zaidi. Ukingo mrefu ni kipini ambacho upepo mkali unaweza kukishika na kung'oa paa. Lindi ilipigwa na kimbunga Aprili 1952. Mwaka 2019 Kenneth kilitupita karibu, kikatua Msumbiji, na Mei 2024 Hidaya kilitua Mafia na mvua zake zikaitesa Kilwa. Si lazima ufupishe ukingo kwa sababu hiyo. Funga kenchi kwenye mkanda wa zege unaozunguka juu ya kuta kwa chuma kilichoachwa makusudi wakati zege linamwagwa, badala ya kutegemea misumari peke yake, na pale ukingo unapozidi mita moja weka nguzo, uugeuze kuwa baraza. Jambo hili likisahaulika siku ya mkanda, baadaye ni kubomoa.

Sasa niingie kwenye unyevu unaotoka chini, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi za watu wa pwani zinapopotelea. Tofali la saruji lina vitundu vidogo mno ambavyo macho hayavioni. Likikaa kwenye ardhi yenye maji, maji hupanda humo kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi. Yakifika juu yanatafuta pa kutokea, yanakauka kwenye uso wa ukuta, na chumvi yote iliyoyeyuka ndani yake inabaki pale. Chumvi inaganda, inakuwa chembe, chembe zinakua na kusukuma. Lipu inalegea, rangi inatoka magamba, na asubuhi unakuta unga mweupe chini ya ukuta kama mtu amemwaga sembe. Unafagia, unapaka, mwaka unaofuata yale yale. Mbaya zaidi, chumvi hiyo inavuta unyevu kutoka hewani yenyewe, kwa hiyo hata kiangazi ukuta unatoa jasho.

Chumvi inatoka wapi? Nyingine iko ardhini. Lakini nyingi tunainunua wenyewe. Simenti si shida kwetu, hasa tangu kiwanda cha Dangote kianze kazi Mtwara mwaka 2015. Shida ni mchanga. Mchanga uliochotwa karibu na bahari unakuja na chumvi yake, na ukiufyatulia matofali umejenga ugonjwa ndani ya ukuta. Chukua mchanga wa bara au wa mtoni, na kama una shaka, koroga gao moja kwenye glasi ya maji safi, uache utulie, kisha uonje. Ni njia ya kienyeji, lakini ulimi unaijua chumvi.

Ulinzi wenyewe hauna maajabu. Juu ya msingi, angalau sentimita 15 kutoka usawa wa ardhi ya nje, weka ile karatasi nyeusi ya kuzuia unyevu, DPC kama mafundi wanavyoiita, ipite ukuta mzima bila kukatika. Chini ya jamvi, yaani zege la sakafu, tandaza nailoni ngumu. Gharama yake ni ndogo kuliko mlango mmoja wa chumba. Kisha usije ukaihujumu mwenyewe kwa kujaza udongo wa bustani ya maua ukutani mpaka juu ya karatasi, maana maji yatapita juu yake kama mwizi anayeruka ukuta kwenye kichuguu.

Na kama nyumba imeshajengwa, na ukuta unalia? Usiupake rangi ya mafuta. Najua inavutia, inafunika haraka. Lakini umefunga mlango ambao maji yalikuwa yanatokea, kwa hiyo yatapanda juu zaidi yatafute mwingine. Ng'oa lipu iliyooza, acha ukuta ukauke kiangazi kizima, piga lipu yenye chokaa nyingi, kisha paka chokaa. Kuta za matumbawe za Mikindani, mji wetu wa kale wa pwani, zilidumu hivyo: jiwe lenye vitundu, udongo wa chokaa, na mkono mpya wa chokaa kila ule wa zamani ulipochoka. Ukuta ulikuwa unapumua. Nyumba nyingi za namna ile zilianza kuumwa vibaya pale zilipozibwa viraka vya saruji ngumu, ambayo hailingani na jiwe laini lililo chini yake. Ukipita Mikindani, simama utazame ukuta wowote wa kale wenye kiraka cha saruji. Mara nyingi kiraka ni kizima, na kilichobomoka ni jiwe la pembeni yake.

Chuma nacho kina hadithi hiyo hiyo. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, mara mbili na zaidi. Nondo iliyofukiwa karibu na uso wa zege, hewa hii ya bahari ikiifikia, inavimba na kupasua linta, lile zege la juu ya mlango na dirisha, kutoka ndani. Dai sentimita nne au tano za zege kati ya nondo na hewa, na hakikisha kabla ya kumwaga kwamba vile vipande vya zege wanavyoviita biskuti vimewekwa chini ya nondo. Usikubali fundi akuambie atainyanyua kwa mkono.

Upepo tunautaka, vumbi hatulitaki

Bila upepo, nyumba ya Mtwara mwezi wa pili haikaliki. Na upepo ule ule ndio unaoleta vumbi. Sijawahi kuona ramani iliyoumaliza ugomvi huu kabisa, lakini kuna namna za kuupunguza.

Tuko karibu nyuzi 10 kusini mwa Ikweta. Jua la mwezi wa sita linapita upande wa kaskazini, la mwezi wa kumi na mbili linasogea kidogo kusini, na miezi mingine linatupiga utosini. Pande za kaskazini na kusini zinafunikwa kirahisi na ukingo wa paa. Upande wa magharibi haufunikiki, kwa sababu jua la alasiri linaingia chini ya kila ukingo. Basi urefu wa nyumba uende mashariki hadi magharibi, madirisha makubwa yatazame kusini na kaskazini, na huko ndiko pia pepo zote mbili zinakotokea. Magharibi weka stoo, bafu, ngazi, au ukuta mtupu.

Barabara ya vumbi ikiwa upande wa kusini mwa kiwanja chako, umekalia njia ya upepo. Hapo panda ua wa mimea yenye majani madogo mengi mita chache kutoka dirishani, ulioachia nafasi kidogo. Ukuta mzima wa tofali hauchuji kitu: upepo unauruka na kushusha vumbi nyuma yake, mara nyingi dirishani kwako. Majani yanaupunguza mwendo, chembe nzito zinaanguka.

Kuhusu madirisha yenyewe, nitakuwa mkali. Dirisha la alminiamu la kuteleza linapendwa kwa sababu linaonekana la kisasa, lakini linafunguka nusu tu, na reli yake ya chini ni sanduku la kukusanyia mchanga. Mchanga ule unasaga vigurudumu, baada ya miaka michache dirisha linavutwa kwa mikono miwili na matusi. Luva za vioo zinapitisha upepo wote, ila kila kioo kina uso wa juu na wa chini wa kufutwa. Dirisha la alminiamu la kufunguka kama mlango linapitisha upepo wote na halina reli ya mchanga. Mimi sasa ningeweka hilo tu.

Wavu wa mbu hauepukiki, na unapunguza upepo sana ukijaa vumbi. Uwe kwenye fremu inayotoka kwa mkono, uoshwe uani kwa ndoo na brashi laini. Wavu uliopigiliwa misumari hauoshwi, unapigwa pigwa tu na fagio, na vumbi linaingia ndani. Grili iwe ya nondo za kusimama, bila maua wala mizunguko: vumbi halina pa kukaa kwenye chuma kilichosimama. Yale maua ya chuma niliyoyalipia kwa furaha mwaka ule yanashika vumbi kila jani, na kutu yake imechora machozi ya kahawia kwenye ukuta mweupe chini ya kila dirisha.

Jiko litoke nje

Kuna mtindo wa jiko wazi lililoungana na sebule. Kwa watu wanaokula mkate na chai sina neno. Lakini sisi tunakaanga samaki. Mafuta yakichemka yanarusha matone madogo sana yanayoelea na hewa ya moto, yanatua juu ya kabati, feni, pazia na picha za ukutani, yanakuwa utando unaonata. Vumbi likija linakuta gundi. Uchafu huo hautoki kwa fagio wala tambara la maji, unataka sabuni na kusugua. Gesi ya mtungi imepunguza masizi, lakini mafuta ya kukaangia yako pale pale.

Kwa hiyo jiko la ndani liwe dogo, la chai na kupasha moto, na jiko la kazi liwe uani, chini ya paa, lenye meza ya zege iliyovikwa marumaru, sinki pana la kuparulia samaki, na sakafu inayoteremka kwenye mfereji. Liweke upande wa kaskazini wa nyumba, maana kusi inavuma miezi mingi ya kiangazi na itapeleka moshi mbali na vyumba. Kaskazi ikigeuka utavumilia.

Kwenye familia zenye mikorosho kuna sababu nyingine. Kubangua korosho kwa moto kunatoa mafuta meusi ya ganda, yanayochoma ngozi na kuacha doa ambalo saruji ikishalinywa halitoki tena. Kazi hiyo isifanyike hata barazani. Na salfa ya kupulizia mikorosho isilale ndani ya nyumba kabisa. Stoo iwe na mlango wake wa nje, isiyopakana na chumba cha kulala wala chakula, yenye tundu la hewa na rafu ya kuinua mifuko kutoka sakafuni. Nimeona nyumba nzuri za pesa za korosho ambazo salfa imewekwa chini ya vitanda. Unga ule wa njano uko kwenye kila mkunjo wa shuka.

Sakafu, dari, na ndoo ya maji

Zile marumaru nyeupe tuliziishi miaka mitano. Tulipomjengea mdogo wangu Mitwero, Lindi, nilimchagulia za rangi ya mchanga zenye madoa madoa, zisizong'aa, kubwa ili maungio yawe machache, na maungio yakazibwa kwa rangi ya kijivu badala ya nyeupe. Mama akaguna. "Uchafu usioonekana ni uchafu, mwanangu." Ni kweli. Lakini chumba kinachofagiliwa asubuhi na kudekiwa jioni kinatosha kwa afya ya mtu. Deki ya pili na ya tatu nilikuwa nawapigia wageni. Tena nilimkumbusha kwamba sakafu yao ya zamani, ile ya niru, yaani saruji iliyolainishwa, iliyopakwa rangi nyekundu na kung'arishwa kwa nta, ilikuwa na rangi ile ile ya udongo wa nje. Akacheka, akasema hawakufikiria hivyo, rangi ndiyo iliyokuwepo dukani.

Niru yenyewe si ya kudharauliwa. Haina maungio, inasuguliwa kwa brashi, na mtu mwenye fedha kidogo akiipata kwa fundi mzuri, juu ya jamvi lililomwagiliwa maji siku saba bila kukosa, haijutii. Ikiharakishwa inapasuka, na ufa mmoja unakuwa mji wa sisimizi.

Dari nitaipita haraka. Jipsamu ya madaraja yenye taa zilizofichwa ina rafu ambayo hakuna binadamu atakayeifuta. Tambarare inatosha. Zaidi ya umbo lake, ziba kila mwanya kati ya bati na ukuta kwa wavu wa chuma wenye matundu madogo kabla fisha bodi, ule ubao wa ukingo wa paa, haijapigwa, uache hewa ipite na popo abaki nje. Popo wakishahamia, harufu na madoa kwenye jipsamu havitoki, na dari inabadilishwa.

Samani nazo ni sehemu ya ramani. Kabati iende mpaka darini au iwe fupi ya kufikiwa na mkono, ile inayoishia katikati ina mgongo wa vumbi. Kitanda na kochi viwe na miguu ya kupitisha fagio, au vikae chini kabisa bila mwanya. Mbao za unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi zinavimba kwa hewa ya pwani. Vipande vichache vya mninga vinashinda seti nzima ya kabati za kung'aa.

Bafu nimeliacha mwisho kwa sababu bado linaniuma. Sakafu yake iwe chini ya korido kwa sentimita mbili au tatu, iteremke sentimita moja hadi mbili kwa kila mita, na tundu la maji liwe mbali na mlango. Fundi wangu alifanya kinyume kwa yote matatu. Maji yanakuja mlangoni. Nilipomwonyesha aliniambia, "Yatakauka tu, dada," na kwa kuwa nilikuwa nimechoka na ujenzi, nikamlipa.

Kwa hiyo siku ya kukabidhiwa bafu, jiko na baraza, usiende na daftari, nenda na ndoo. Mwaga maji lita kumi kwenye kona ya mbali zaidi na tundu, usiyasukume, subiri dakika kumi. Likibaki dimbwi hata la ukubwa wa kiganja, fundi avunje kabla hujatoa salio lake. Mimi sikuvunja, na mpaka leo kwa kila anayeoga kuna mtoto mmoja anaitwa, na mpira wa kusukumia maji, na lawama.